Kurudisha Injini Iliyofanyiwa Ovaholi Kwenye Datsun 1200, Ukiwa Nyumbani Kwako

Kila baada ya wiki chache napigiwa simu na mtu ambaye injini yake ya Datsun imelala juu ya gunia barazani. Imerudi jana kutoka kwa mafundi wa kusaga injini wa Kariobangi au Kirinyaga Road, Nairobi, inang'aa kama sufuria mpya, naye hajui aanzie wapi. Maswali hayabadiliki. Nianze na injini au na giaboksi? Niweke mafuta gani? Mbona taa nyekundu ya presha ya mafuta ya injini haizimiki? Majibu yangu nayo hayabadiliki, kwa hiyo nimeyaandika yote mara moja.

Nazungumzia pikapu ya Datsun 1200, ile ndogo yenye injini ya A12 ya cc 1171, kwa sababu ndiyo niliyoizoea, na ndilo gari la zamani ambalo mtu mwenye subira na marafiki wawili anaweza kulimudu uani. Mwenye Hilux ya miaka ya 70 au Peugeot 504 atafuata njia hiihii, ila injini yake ni nzito zaidi na vipimo vyake ni vingine.

Injini iliyosagwa na kupangwa vizuri ni nadra kufia barabarani. Hufia nyumbani, nusu saa ya kwanza, mikononi mwa mtu aliyekuwa na hamu ya kuisikia ikinguruma. Ndiyo maana nimekawia kwenye ukaguzi na kwenye kuwasha, na kule katikati penye bolti nimepita mbio.

Mahali

Kama umepanga, zungumza na mwenye ploti kwanza. Gari litakaa bila injini siku tatu, na siku tatu za makanika wa nyumbani ni wiki. Keateka hana huruma na gari lililolala juu ya mawe. Usianze Aprili kama huna paa au turubai la maana. Mvua ndefu ikikukuta na injini wazi, utarudi kusafisha kutu kwenye silinda ulizolipia juzi.

Sakafu ya saruji ni bora. Kama unaishi Utawala, Embakasi au popote penye ule udongo mweusi wa mfinyanzi, jua kwamba miguu ya stendi itazama, hata kama leo udongo umekauka na kupasuka. Tandika mbao nene au vipande vya slabu chini ya kila mguu.

Sasa habari ya miti. Mara ya kwanza nilifunga cheni bloku kwenye mparachichi wetu. Tawi lilikuwa nene kama paja langu. Injini ilipofika juu ya bampa tulisikia mlio mdogo, kama mtu anayevunja kijiti cha kuchokoa meno, halafu tawi likaanza kuinama taratibu, kwa adabu zote. Tuliwahi kuisukuma pikapu nyuma na kuishusha injini juu ya tairi kuukuu. Mparachichi ni mti unaovunjika kirahisi. Mbao za paa la maegesho nazo ni vivyo hivyo: zilitengenezwa kubeba mabati tu. Kodi stendi ya miguu mitatu ya mabomba ya chuma. Mafundi wa jua kali wanazo, na hukodishwa kwa siku pamoja na cheni yake.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kufungua bolti ya kwanza

- Cheni bloku ya tani 1 na stendi yake. Inatosha kabisa kwa injini na giaboksi vikiwa pamoja.
- Jeki, na stendi nne za kuwekea gari. Mawe ya ujenzi hupasuka bila kukuonya, kwa hiyo usilale chini ya gari lililokalia mawe.
- Spana na soketi za milimita. Datsun karibu yote ni 10, 12, 14 na 17.
- Toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza. Hii ndiyo watu huiruka. Azima, kodi, ombaomba, lakini uwe nayo.
- Fila geji (vibati vya kupimia nafasi ndogo), balbu ya kupimia yenye waya mbili, na kalamu ya rangi ya kuwekea alama.
- Klachi kamili: pleti, presha pleti na beringi ya kusukumia. Usirudishe klachi kuukuu kwenye injini mpya, maana kuifikia tena ni kushusha giaboksi.
- Mauntini za injini na ya giaboksi, hozi zote za maji, klipu zake, feni belti, themostati, kifuniko cha radieta.
- Plagi, pointi, kondensa, filta ya mafuta, filta ya petroli.
- Mafuta ya kawaida ya 20W-50, mikebe miwili ya lita 4. Injini itakunywa lita tatu na kidogo, na utayamwaga mapema, kwa hiyo usinunue ya bei ghali wala ya sintetiki.
- Mafuta ya giaboksi ya GL-4.
- Watu wawili. Mmoja awe mtulivu.

Radieta ipeleke ikasafishwe wiki hiyohiyo. Injini mpya yenye radieta iliyojaa magaga ni pesa iliyotupwa.

Jambo la karatasi pia: piga picha ya namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku. Kama bloku ni ileile, hakuna la ziada. Kama ulinunua bloku nyingine, namba hiyo inapaswa kuingizwa kwenye rekodi za NTSA, mamlaka inayosajili magari, na utaulizwa ulikoipata. Tunza risiti.

Kagua injini ikiwa bado chini

Hapa nataka utulie, hata ukiambiwa na fundi aliyeisaga kwamba kila kitu kiko sawa.

Zungusha krenki, shafti kuu ya injini, kwa mkono, spana ikiwa kwenye nati ya puli, plagi zote zikiwa nje. Zungusha raundi mbili kamili. Itakuwa nzito, kwa kuwa ringi ni mpya, lakini uzito uwe uleule mwanzo hadi mwisho. Ikikwama mahali pamoja, usiongeze bomba kwenye spana. Rudi kwa aliyeifunga.

Linganisha risiti na vitu. Kama silinda zilitanuliwa kwa 0.50 mm, pistoni ziwe za 0.50. Kama krenki ilisagwa kwa 0.25 mm, beringi ziwe za 0.25. Omba maboksi yaliyobaki. Fundi anayejiheshimu hukupa bila kununa.

Halafu chukua tochi uangalie plagi ndogo zinazoziba njia za mafuta kwenye bloku. Wanapoosha bloku huzitoa ili wapige hewa ndani, na kuna siku husahau kuirudisha moja. Mimi nilirudishiwa injini ya namna hiyo. Nilifunga kila kitu, tukapiga starta, taa ya mafuta ikakataa kuzimika. Fundi mmoja aliyekuwa akipita akaniambia, "Iwashe tu, itazimika yenyewe ikipata moto." Kwa mara ya kwanza maishani sikumsikiliza mtu aliyenizidi umri. Nililala chini ya gari nikaona mafuta yanatiririka pale injini inapokutana na giaboksi, mazuri, ya rangi ya asali, ambayo hayajawahi kuona moto. Injini ilitoka tena. Plagi yenyewe ni ndogo kuliko ncha ya kidole gumba. Kama ningeiwasha, krenki iliyosagwa majuzi ingekwisha kabla chai haijapoa.

Angalia pia vifuniko vya bati vya matundu ya maji ubavuni mwa bloku, sili ya nyuma ya krenki, na bushi ndogo ya shaba iliyo katikati ya mkia wa krenki, ile inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi. Bushi ikiwa imelika, badilisha sasa. Mpya iloweke kwenye mafuta usiku mzima kabla ya kuigonga ndani.

Kufunga

1. Safisha chumba cha injini, na usiishie kupangusa. Kwangua matope na grisi, osha, kausha. Hakuna siku nyingine utakayofika huko kwa urahisi. Angalia paipu za breki na za klachi, waya zilizopoteza ngozi, na boksi ya usukani. Rekebisha sasa.

2. Toa boneti nzima, baada ya kuchora alama kuzunguka bawaba zake. Wanaoiacha imesimamishwa kwa fimbo huishia kuigonga kwa cheni.

3. Funga flaiwili, lile gurudumu zito la mkiani mwa krenki, kwa toki inayotajwa kwenye kitabu cha gari, ukikaza kwa kukingamiza: moja huku, inayofuata upande wa pili. Pangusa uso wake kwa petroli na kitambaa safi. Alama moja ya kidole chenye grisi inatosha kufanya klachi itetemeke.

4. Weka pleti ya klachi. Upande ambao kitovu chake kimechomoza zaidi utazame giaboksi. Ukigeuza, klachi haitaachia, nawe utashusha kila kitu upya. Kuipanga katikati tumia shafti ya giaboksi iliyokufa. Huko Grogan wanaziuza kama vyuma chakavu. Ukikosa, chonga mti uuzungushie tepu hadi uingie kwenye bushi bila kucheza. Kaza presha pleti kidogokidogo kwa kuzunguka.

5. Unganisha giaboksi na injini vikiwa chini. Swali la "nianze na ipi" linaishia hapa: kwenye Datsun hii vinaingia pamoja, kama vilivyotoka. Toa mkono wa gia kwanza. Paka grisi kidogo sana kwenye meno ya shafti. Weka gia ya nne, na mtu mmoja azungushe mkia wa giaboksi taratibu huku mwingine akisukuma, hadi meno yakubaliane.

   Kosa la kawaida: giaboksi inabaki na nafasi ya vidole viwili, kisha mtu anaamua kuivuta kwa bolti. Kengele la giaboksi, ile sehemu pana ya mbele inayofunika klachi, ni la alumini, na sikio lake litakatika. Vikikataa kukutana, pleti haijakaa katikati. Toa, panga, rudia. Na wakati wote huo usiache giaboksi ining'inie kwenye pleti. Uzito wake utaipinda.

6. Ziba mkia wa giaboksi kwa mfuko wa plastiki na mpira, la sivyo mafuta yaliyobaki ndani yatakumwagikia vikiinama.

7. Funga cheni kwenye macho ya kuinulia, kwa bolti nzima zilizoingia hadi mwisho. Usizungushe kamba kwenye manifoldi wala kwenye puli. Cheni ya nyuma iwe ndefu kuliko ya mbele, ili giaboksi itangulie ikiwa imeelekea chini.

8. Inua. Sogeza gari chini ya injini badala ya kusogeza stendi yenye mzigo. Teremsha kidogo, simama, tazama pande zote, teremsha tena. Yule mtu mtulivu awe kwenye cheni. Mwingine aongoze mkia wa giaboksi kutoka ubavuni, mikono ikiwa nje ya nafasi ya mauntini. Hakuna mtu chini ya gari wakati huu, hata kwa sekunde moja ya "ngoja nione". Watoto na kuku wafungiwe.

9. Ingiza bolti za mauntini zote bila kukaza. Weka jeki chini ya giaboksi, funga boriti yake ya nyuma. Bolti zote zikishapata uzi, ndipo ukaze. Ukikaza moja mapema, ya mwisho itakusumbua mpaka magharibi.

10. Rudisha shafti ya propela kwa alama ulizoweka ulipoitoa, mkono wa gia, waya wa spidomita, waya wa taa ya rivasi, na silinda ndogo ya klachi. Toa hewa kwenye klachi. Jaza giaboksi hadi mafuta yaanze kudondoka kwenye tundu la pembeni.

11. Rudisha ekzosi, kabureta, hozi za petroli, waya wa akseleta na wa choki, radieta na hozi zake. Kila hozi ya petroli iwe na klipu. Hakikisha kitambaa ulichoziba nacho manifoldi kimetoka. Nacheka ninapoandika hivyo, lakini kuna pistoni iliyowahi kumeza soksi.

12. Waya za umeme: starta, alteneta, swichi ya mafuta, kipima joto, koili. Na ule mkanda mnene wa ardhi (erthi) kutoka kwenye injini hadi bodi. Injini imekalia mipira. Bila mkanda huo, umeme wa starta utatafuta njia nyingine ya kurudi, na njia iliyo karibu ni waya wa choki au wa akseleta. Nimeona waya wa choki ukiwa mwekundu kama mkaa na dashibodi ikitoa moshi, mwenyewe akishangaa mbona starta ni nzito.

13. Jaza maji. Maji ya kisima kirefu hapa Nairobi yana madini mengi na huacha magaga. Tumia kulanti au maji ya betri. Jaza polepole huku ukiminya hozi ya juu ili hewa itoke. Na rudisha themostati. Mafundi wengi huitoa na kuitupa wakidai nchi yetu ni ya joto. Asubuhi ya Julai muulize kama ni ya joto. Injini isiyofikia joto lake hula mafuta na petroli, na ringi zake hukawia kukaa.

14. Jaza mafuta ya injini. Filta ijaze nusu kwa mafuta kabla ya kuifunga, upake mpira wake mafuta, uikaze kwa mkono tu.

Taimingi kabla ya kuwasha

Taimingi ni kupanga wakati wa plagi kutoa moto. Usiwashe kwa kubahatisha. Weka kidole gumba kwenye tundu la plagi ya kwanza, mwenzako azungushe krenki kwa spana. Hewa ikianza kusukuma kidole, pistoni hiyo inapanda kwa ajili ya moto. Endelea hadi alama ya puli ifike kwenye digrii inayotajwa na kitabu. Sasa rota ya distributa iwe inatazama waya wa plagi ya kwanza. Mpangilio wa waya za plagi ni 1-3-4-2, ukifuata upande rota inakozungukia. Itazame kwa macho usikisie.

Nafasi ya pointi iwe 0.45 hadi 0.55 mm, plagi 0.8 hadi 0.9 mm. Unganisha balbu kati ya waya wa pointi na ardhi, fungua swichi, uzungushe distributa taratibu. Pale balbu inapowaka tu, pointi zimefunguka, kaza hapo. Tapeti, yaani nafasi ya valvu, anza na 0.25 mm injini ikiwa baridi.

Dakika ishirini za kwanza

Toa plagi zote, chomoa waya wa koili. Piga starta kwa sekunde kumi, pumzika, piga tena, hadi taa ya mafuta izimike. Bila plagi injini inazunguka bila kubeba mzigo, na pampu inapata nafasi ya kujaza njia zake. Ikishazimika, piga mara mbili zaidi. Taa ikikataa baada ya mizunguko kadhaa, acha. Usiiwashe ikupe moto kwanza.

Rudisha plagi na waya. Mtu mmoja kwenye usukani, macho kwenye taa, mkono kwenye swichi. Mwingine mbele na tochi na kizimamoto, au angalau ndoo ya mchanga. Washa.

Ikishika, ipandishe papo hapo hadi mizunguko 2000 kwa dakika, hasa kama kamshafti na lifta ni mpya. Kamshafti hupata mafuta yake mengi kwa kurushiwa na krenki, na kwenye mizunguko ya chini hurushiwa kidogo sana. Pikapu hii haina mita ya mizunguko, kwa hiyo tumia sikio: ni mlio uliouzoea ukienda kilomita 50 kwa saa kwenye gia ya nne. Usiiache ipumue polepole ukifurahia sauti. Panda kidogo, shuka kidogo, dakika ishirini nzima. Majirani watavumilia, waombe radhi mapema.

Zima papo hapo kwa mambo matatu tu: taa ya mafuta ikiwaka, joto likipanda kupita kawaida, au mlio wa chuma kugonga chuma. Moshi wa buluu na harufu ya rangi inayoungua kwenye ekzosi mwanzoni si neno, ni mafuta ya kufungia yanaungua.

Ikitimiza dakika ishirini, zima, iache ipoe kabisa, ulale. Kesho yake pitia bolti za hedi kama gasketi yako ni ya aina inayotaka kukazwa tena, ukianzia katikati kwenda nje. Kisha ipashe moto uweke tapeti zote kwenye 0.35 mm injini ikiwa moto. Fanya hedi kwanza, tapeti baadaye. Ukigeuza, hedi ikishuka itakuharibia kipimo.

Kilomita 1000 za mwanzo

Usibebe viazi. Usikae kwenye mwendo mmoja. Thika Road ni ndefu, imenyooka, na kwa injini mpya haifai hata kidogo. Foleni ya Jogoo Road ni mbaya zaidi. Mimi hutoka Jumapili alfajiri, nikapanda Limuru Road kupitia Ruaka hadi Tigoni, kwa gia za kati bila kukanyaga hadi chini, kisha nikarudi nikiteremka mguu ukiwa nje ya akseleta. Kupanda hubana ringi ukutani, kuteremka hivyo huvuta mafuta juu kuzisafisha. Mafuta na filta badilisha ukifika kilomita 800 hivi. Yaliyomwagwa yana unga wa chuma, usishtuke; lakini vipande vinavyoshikika kwa vidole ni habari nyingine. Usiyamwage mtaroni. Mwenye nguzo za ua atayafurahia, mchwa hawayapendi.

Ikikataa

*Starta inatoa mlio wa "tik" tu.* Mkanda wa ardhi, kisha vichwa vya betri, kisha betri yenyewe. Usiiguse starta kabla ya kupitia hivyo.

*Inazunguka, haina moto.* Fungua pointi uangalie zile washa ndogo za plastiki kwenye skrubu ya waya. Zikipangwa vibaya, pointi zinagusa ardhi saa zote. Kondensa mpya nazo si za kuaminiwa siku hizi. Usitupe ya zamani hadi gari litembee.

*Inapiga makofi kwenye kabureta.* Waya za plagi zimebadilishana, au distributa imeingia nusu duara mbali. Rudia kidole gumba.

*Inawaka, inatoa moshi mweusi.* Choki imekwama, au floti ya kabureta iko juu. Kumbuka pia hapa tuko karibu mita 1700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na kabureta iliyopangwa kwa mji wa pwani itakuwa na petroli nyingi kupita kiasi.

*Umepima kompresheni (mgandamizo wa hewa kwenye silinda) ukakuta chini ya kitabu.* Sababu ni hiyohiyo ya hewa. Kitabu kikisema psi 180, hapa ukipata 145 hadi 150 kwenye silinda zote nne, injini ni nzima. Watu wamefungua injini nzuri kwa kutojua hilo. Kinachopaswa kukusumbua ni silinda moja kuachwa mbali na wenzake.

*Inachemka.* Kwanza hewa iliyonaswa ndani: poza, jaza tena. Pili themostati iliyogeuzwa. Tatu taimingi iliyochelewa. Nne kifuniko cha radieta. Maji yasiyo na presha huku kwetu huchemka kama kwenye nyuzi 94, na themostati ya kawaida hufunguka kwenye 82. Kifuniko kibovu kinakuachia nafasi ndogo mno.

*Klachi haiachii.* Toa hewa tena. Ikiendelea vilevile, pleti imegeuzwa, nawe unajua kazi iliyoko mbele yako.

*Moshi wa buluu haukomi baada ya kilomita 500.* Angalia sili za valvu kabla ya kulaumu ringi. Ukiona moshi unatoka zaidi ukikanyaga baada ya kuteremka mlima, ni sili.

*Umemaliza, gari linatembea, na bolti moja imebaki kwenye kikombe.* Ipime urefu. Fupi ya 10 huwa ni ya bati la vumbi chini ya kengele la giaboksi. Ndefu ya 14 mara nyingi ni ya juu ya kengele, ile ya upande wa ukuta wa kabini ambayo uliiacha kwa sababu mkono haukufika. Ingia na soketi yenye ekstensheni ndefu kutoka chini, mtu mwingine akuelekezee tochi kutoka juu.